Gunia Kukakamaa: Maelezo Juu ya Mbanano wa Mazao Katika Madebe, Matenga na Vihenge

Hakuna katibu wa chama cha msingi asiyeujua ugomvi wa debe. Mkulima amepima mpunga wake nyumbani akapata debe sita kamili. Ameufikisha mahali pa kuuzia, ukapimwa upya mbele ya macho yake, na sasa ni debe tano na kitu. Mnunuzi anaapa kwamba hakuiba. Mkulima naye anaapa kwamba hakumwaga hata punje moja njiani. Huenda wote wawili wanasema kweli. Kilichopungua si mpunga, bali ni nafasi tupu iliyokuwamo kati ya punje na punje.

Katika tarafa ya Idodi, kuanzia Idodi penyewe hadi Mapogoro, Tungamalenga na Mahuninga, wakulima wengi hutegemea mpunga wa mabonde ya kumwagilia maji, na neno hili la nafasi tupu linagusa mifuko yao moja kwa moja. Linawagusa pia wenzetu wa Ilula wanaopakia nyanya katika matenga, na wale wa nyanda za juu wanaopakia viazi. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwa kirefu jinsi vitu vidogo vidogo vilivyorundikwa pamoja vinavyoweza kutiririka kama maji, kisha ghafla vikakazana na kuwa kama kitu kimoja kigumu. Hali hiyo katika makala haya tutaiita mbanano, kwa maana haitofautiani sana na hali ya abiria katika basi lililojaa: kila mmoja peke yake ni mtu laini anayeweza kugeuka, lakini wote pamoja hawageuki.

Tuanze na kitu chepesi kupimika. Mwaka 1960 mtaalamu G. D. Scott wa Toronto, Kanada, alimimina maelfu ya gololi ndogo za chuma katika vyombo, akapima ni sehemu gani ya chombo iliyojazwa na chuma na ni ipi iliyobaki hewa. Alipozimimina taratibu bila kutikisa, chuma kilijaza kama sehemu 60 katika kila 100. Alipotikisa chombo kwa muda, gololi zilishuka, akaongeza nyingine juu, na kiasi kikapanda hadi karibu sehemu 64. Hapo ziligoma. Hata angetikisa kutwa, gololi zilizomiminwa ovyo hazikupita kiasi hicho. Ili kupita hapo hapana budi kuzipanga moja moja kwa mkono, kama wauza machungwa wanavyopanga mafungu yao sokoni. Mpango huo hujaza sehemu 74. Mnajimu wa Kijerumani Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna mpango ushindao huo, na wanahisabati walihangaika hadi mwaka 1998 ndipo Mmarekani Thomas Hales alipotoa uthibitisho. Wauza machungwa hawakumngoja.

Sasa tutie hesabu hiyo katika debe. Tuseme mwanachama ana magunia ishirini ya debe sita sita, yaani debe 120, aliyoyapima kwa kumimina taratibu na kupiga mfuto. Mnunuzi akipima mpunga ule ule kwa debe linalokitwa chini na kutikiswa mpaka punje zikae, basi kwa kadiri ya gololi za Scott atapata debe 112 na nusu. Debe saba na nusu zimetoweka, na hilo ni zaidi ya gunia moja, bila mtu yeyote kuchota kitu. Tena gololi ni laini na za mviringo. Punje ya mpunga ni ndefu, ina ncha, na ganda lake linakwaruza. Punje za namna hiyo zikimiminwa taratibu hushikana zikiwa bado zimeachana sana, kwa hiyo nafasi ya kushindilia huwa kubwa kuliko ile ya gololi. Anayetikisa debe anajua anachokifanya, hata kama hajasoma habari za Scott.

Lakini kwa nini punje zigome mahali fulani? Jibu limo katika kuhesabu mahali zinapogusana. Punje moja iliyo hewani inaweza kwenda pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kila jirani anayeigusa huizuia kidogo. Mskoti James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1864, alipokuwa akichunguza fremu za majengo, kwamba ugumu wa kitu kilichounganishwa hutokea pale idadi ya vizuizi inapolingana na idadi ya mienendo inayowezekana. Kwa kuwa kila mguso ni wa punje mbili, hesabu huja hivi: punje laini zisizokwaruzana zinahitaji, kwa wastani, migusano sita kila moja ili rundo zima lisimame. Zikiwa na msuguano, kama mpunga wenye ganda, kila mguso huzuia pia mtelezo wa pembeni, na wastani wa minne waweza kutosha. Ndiyo sababu mpunga husimama ukiwa na hewa nyingi ndani, na ndiyo sababu hushuka ukitikiswa: mtikiso huachanisha migusano ya kwanza na kuzipa punje nafasi ya kutafuta makao mengine yaliyo chini zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugumu huu hauji polepole. Shindilia gololi laini kidogo kidogo, nazo zitaendelea kulegea na kupishana. Kisha, kwa nyongeza ndogo tu, rundo zima hukakamaa kwa mara moja. Kabla ya hapo rundo halina uwezo wa kuhimili mzigo hata kidogo. Baada ya hapo lina uwezo. Mwaka 1998 wanafizikia wa Marekani Andrea Liu na Sidney Nagel walipendekeza kwamba mchanga, povu, nafaka na hata kioo vitazamwe kwa mchoro mmoja. Kwa maelezo yao, kitu kilichobanana chaweza kulegezwa kwa njia tatu: kukipunguzia msongamano, kukitikisa, au kukisukuma kwa nguvu ya pembeni inayopita uwezo wake. Mchukuzi wa ghala anazijua njia zote tatu. Gunia lililokakamaa hufunguliwa mdomo, au hugongwa gongwa, au hubiringishwa sakafuni.

Mpaka hapa tumesema juu ya punje ngumu. Nyanya, viazi, vitunguu na ndizi ni vitu laini, na kwa vitu laini hadithi inaendelea pale ambapo kwa gololi inakwisha. Gololi zikifikia kikomo haziwezi kusongwa zaidi. Nyanya zaweza. Ukiongeza nyanya nyingine au uzito juu yake, zile zilizoko chini hujibonyeza, kila mahali zinapogusana hupata ubapa, na majirani ambao hawakuwa wakigusana huanza kugusana. Rundo huzidi kuwa gumu kadiri linavyosongwa, na mvuto wa kuongeza moja tena huzidi kwa sababu linaonekana imara. Kasisi wa Kiingereza Stephen Hales (si yule Hales wa machungwa) alieleza mwaka 1727 jinsi alivyojaza njegere kavu katika chungu, akatia maji, akaweka mfuniko na mzigo juu yake. Njegere zilivimba, zikanyanyua mzigo. Na alipoongeza mzigo hata usiweze kunyanyuka, njegere zilijaza kila nafasi mpaka kila moja ikawa na nyuso bapa kama jiwe lililochongwa. Njegere zilivumilia. Nyanya haivumilii, kwa maana ubapa huo ndio jeraha, na jeraha ndilo mlango wa kuoza.

Msomaji ataona kwamba kwa mazao laini kuna mahali pamoja pazuri nako ni kwembamba. Tenga lisipojaa vya kutosha, nyanya hazijabanana. Gari likipita katika mashimo nyanya hurukaruka, hupigana na kukwaruzana, na kwa kuwa mtikiso unazishusha, tenga lililoonekana limejaa kijijini hufika mjini likiwa na nafasi juu. Tenga likijazwa kupita kiasi, nyanya zimebanana lakini zimebonyezwa. Kinachotakiwa ni tenga lililotikiswa kidogo wakati wa kujaza, mara mbili au tatu, likaongezwa mpaka nyanya zisicheze tena, na hapo likaachwa. Mpakiaji mzoefu huweka kiganja juu na kusukuma pembeni kwa upole. Nyanya zikiteleza, bado. Zikikataa kuteleza bila kubonyea, imetosha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini, katika tenga moja lililokaa mahali pamoja, nyanya moja hupasuka na jirani yake akabaki mzima kabisa. Watu husema nyanya ile ilikuwa mbovu tangu shambani. Pengine, lakini si lazima. Uzito katika rundo lililobanana haugawanyiki sawa. Mfaransa P. Dantu alionyesha mwaka 1957, kwa kutumia vitu angavu vinavyobadili mwanga vinapobanwa, kwamba mzigo hupita katika minyororo: safu za punje zinazobebeshwa mzigo mkubwa, na kati yake punje ambazo hazibebi karibu chochote. Baadaye Robert Behringer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichunguza minyororo hiyo kwa miaka mingi. Kuna hata punje zilizofungiwa katika vijumba vyao zikiwa huru kabisa, huku majirani wakiumia. Mtikiso mmoja huvunja minyororo na kuijenga mahali pengine. Kwa hiyo kila shimo barabarani huchagua nyanya nyingine za kubebeshwa, na katika safari ndefu nyingi hupata zamu.

Kuhusu kupanga matenga na makasha garini, neno ni moja na tunalitilia mkazo. Kasha gumu, la mbao au la plastiki, lina kuta zinazoweza kubeba kasha la juu yake. Ikiwa mazao yamekoma chini ya ukingo, mzigo wote wa juu hupita katika kuta na kufika sakafuni bila kuigusa nyanya. Ikiwa mazao yamepita ukingo, hata kwa unene wa vidole viwili, kasha la juu huketi juu ya nyanya, na kuta hazibebi kitu. Tenga lililosukwa kwa fito au matete ni gumu kwa kiasi tu. Hupanuka tumboni likilemewa, na likishapanuka mzigo unarudi kwa yaliyomo. Fedha ya kununua makasha magumu ni nyingi, hilo tunalijua. Hata hivyo chama kinachopeleka nyanya mbali kingefanya hesabu ya matenga yanayotupwa kabla ya kusema kwamba makasha ni ghali.

Hapa ndipo lumbesa inapoingia. Lumbesa ni gunia lililoongezwa mdomo kwa kamba au kwa kipande cha gunia jingine, likashindiliwa mpaka likasimama kama gogo. Ugumu wake humdanganya mtu adhani lina nguvu, ilhali nguvu hiyo inatoka kwa viazi au vitunguu vilivyobonyezana ndani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, inakataza ufungashaji wa namna hiyo, na kikomo cha uzito wa gunia la mazao kimewekwa kuwa kilo 100. Wengi huitazama lumbesa kama dhuluma ya kipimo tu, na ni dhuluma kweli, kwa kuwa bei hutajwa kwa gunia. Lakini mnunuzi naye hapati anachodhani amepata, maana viazi vya katikati na chini vimekwisha kujeruhiwa kabla ya kufika sokoni. Mchukuzi anayebeba gunia hilo mgongoni hatujamtaja, na yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Kwa nini gunia lililoshindiliwa hukataa kupinda? Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, alilieleza hilo mwaka 1885. Punje zilizobanana haziwezi kupishana bila kwanza kupandiana, na zikipandiana rundo lazima lipanuke. Kama mfuko hauruhusu kupanuka, basi hauruhusu kupinda. Reynolds alijaza punje na maji katika mfuko wa mpira akaonyesha jinsi mfuko laini unavyogeuka mgumu mara tu unapozuiwa kuvuta maji zaidi. Aliyekanyaga mchanga wenye maji ufukweni ameona ushahidi: mchanga unaozunguka mguu hukauka kwa ghafla, kwa sababu umepanuka na kuyanywa maji yake. Kahawa ni mfano ulio karibu nasi zaidi, hasa kwa wenzetu wa Mbozi. Kahawa iliyosagwa na kufungwa katika pakiti isiyo na hewa ni ngumu kama tofali. Toboa pakiti kwa sindano, hewa iingie, na mara moja huwa unga. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika kahawa yenyewe. Hewa ya nje ndiyo iliyokuwa ikiibana. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitumia jambo hilo hilo kutengeneza mkono wa mashine usio na vidole: puto lililojaa kahawa iliyosagwa hubandikwa juu ya kitu, hewa hunyonywa, kahawa hubanana, na kitu hunyanyuliwa.

Tuje kwenye vihenge. Maji katika pipa huzidi kukandamiza kadiri kina kinavyozidi. Nafaka haifanyi hivyo. Mhandisi wa Kijerumani H. A. Janssen alipima mwaka 1895 akaona kwamba katika kihenge kirefu mkandamizo wa chini huongezeka kwanza, kisha hukoma kuongezeka hata ukijaza nafaka zaidi. Sababu ni kwamba punje zilizobanana husukuma kuta kwa pembeni, na kwa msuguano kuta hubeba uzito uliobaki. Ndiyo maana kihenge cha udongo hupata nyufa za ubavuni kabla sakafu yake haijalalamika, na anayejenga kihenge kirefu hana budi kuzifunga kuta zake vizuri kwa mzunguko. Magunia yaliyopangwa ghalani hayana msaada huo. Gunia la chini kabisa hubeba yote yaliyo juu yake.

Kukwama kwa nafaka katika mdomo wa kutokea ni mbanano ule ule mahali padogo. Punje chache hushikana zikafanya tao, kama tao la mlango wa mawe, na tao hilo huzuia zote zilizo juu. Kadiri mdomo unavyokuwa mpana kulinganisha na punje, ndivyo matao yanavyokuwa adimu. Upana una faida nyingine, ambayo Waholanzi W. A. Beverloo na wenzake waliipima mwaka 1961: mtiririko wa nafaka hautegemei urefu wa rundo lililo juu, bali hutegemea upana wa mdomo, na mdomo ukiongezwa upana mara mbili mtiririko huongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hiyo kumimina mpunga mwingi zaidi katika mashine ya kukoboa ili usukume ule uliokwama ni kazi bure. Makapi marefu, mabua na mpunga mbichi ndivyo viletavyo matao. Pepeta vizuri na kausha vizuri. Ikikwama, zima mashine kwanza, kisha gonga ubavu au tumia kijiti. Mkono usiingie.

Na mtu asiingie. Katika kihenge kikubwa au chombo cha nafaka kilichofunguliwa chini, tao laweza kuwa limejengeka huku chini yake pamebaki pango, na juu panaonekana pamesimama imara. Mtu akikanyaga, tao huvunjika, naye huzama pamoja na nafaka. Akishafika kifuani hawezi kujitoa, wala wenzake hawawezi kumvuta kwa mikono, kwa sababu punje zilizomzunguka zimebanana. Watu wamekufa namna hiyo katika nchi nyingi zenye maghala ya kisasa. Vihenge vya chuma vinapozidi kuonekana katika nyanda zetu, onyo hili liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa.

Si kila gunia gumu limebanana. Mbolea iliyokaa ghalani huweza kuwa jiwe kwa sababu nyingine kabisa: unyevu umeyeyusha sehemu ya chembe, kisha ukakauka na kuziunganisha. Nafaka iliyoingiwa na maji nayo hufanya mabonge, na ndani ya bonge mna ukungu. Kutofautisha ni rahisi. Biringisha gunia mara kadhaa. Likilegea lote, lilikuwa limebanana tu na halina neno. Yakibaki mabonge, fungua, na katibu aandike katika daftari la ghala siku ile ile.

Kuhusu ugomvi wa debe tulioanza nao, chama kinaweza kuumaliza kwa jaribio la nusu saa mbele ya wanachama. Chukueni debe moja na mpunga mkavu wa msimu huu. Mimineni taratibu kutoka karibu na mdomo wa debe, pigeni mfuto, pimeni kwa mzani, andikeni kilo. Mwageni, jazeni upya, mara hii mkilikita debe chini mara ishirini na kuongeza mpaka lisipokee tena. Pigeni mfuto, pimeni, andikeni. Tofauti ya kilo mbili hizo, ikizidishwa kwa madebe yote yaliyonunuliwa msimu uliopita, ibandikwe katika ubao wa matangazo. Kilo haibadiliki kwa kutikiswa, na mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo wenye alama ya mwaka huu ndio pekee utakaokubaliwa kuwekwa mbele ya mpunga ule ule.